Liemba: Meli ya Vita Iliyogeuka Meli ya Watu



Ukiwa Kibondo au Kasulu, ziwa liko mbali. Wengi wetu tumekulia milimani. Kazi yetu ni maharage, mahindi, mihogo na migomba. Lakini Mto Malagarasi tunaujua. Unaanzia karibu na mpaka wa Burundi. Unazunguka mzunguko mrefu katika nchi yetu, unapita Uvinza penye chumvi, kisha unaingia katika Ziwa Tanganyika.

Karibu na hapo mto unapoingia ziwani, mwaka 1916, watu waliizamisha meli kubwa. Hawakuizamisha kwa bahati mbaya. Waliizamisha kwa makusudi. Meli hiyo ikalala chini ya maji kwa miaka. Baadaye iliinuliwa, ikatengenezwa, ikapewa jina jipya. Jina hilo ni Liemba.

Huenda wewe umewahi kuipanda. Huenda umeiona bandarini Kigoma ulipokwenda kununua dagaa. Au umelisikia jina lake tu. Katika somo hili tutaona meli hii ilitoka wapi, iliingiaje vitani, na kwa nini ilizamishwa. Tutaona pia kwa nini haikuharibika majini. Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Lishike moyoni mpaka tulifikie.

1. Ziwa lenye mabwana watatu

Ziwa Tanganyika ni refu sana. Toka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini ni kilomita 670 hivi. Pia ni la pili kwa kina duniani. Leo nchi nne zinapakana na ziwa hili: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia.

Miaka zaidi ya mia iliyopita, nchi hizi zilikuwa chini ya wakoloni. Wajerumani walitawala upande wetu, pamoja na Burundi na Rwanda. Wabelgiji walitawala Kongo. Waingereza walitawala upande wa kusini, nchi ambayo sasa ni Zambia.

Pembeni mwa ziwa kuna milima mikali. Barabara hazikuwapo. Mtu aliyetaka kupeleka askari, chakula au barua kwa haraka alipita majini. Kwa hiyo wakoloni walijua jambo moja: mwenye meli kubwa kuliko wenzake ndiye mwenye ziwa.

2. Meli ndani ya masanduku

Wajerumani waliamua kuleta meli kubwa. Lakini meli ya baharini itafikaje katika ziwa lililo katikati ya Afrika? Hakuna mto mkubwa wa kupitia toka baharini hadi Kigoma.

Walifanya hivi. Meli iliundwa mwaka 1913 huko Ujerumani, katika mji wa Papenburg, kwenye karakana ya Meyer. Mafundi waliiunganisha ili waone kama kila kipande kinakaa mahali pake. Kisha waliifungua tena, kipande kwa kipande, wakaipakia katika masanduku. Masanduku hayo yalikuwa kama 5,000.

Masanduku yalisafirishwa kwa meli nyingine mpaka Dar es Salaam. Toka hapo yalikuja kwa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, na ilifika Kigoma mwezi wa Februari mwaka 1914. Ni zaidi ya kilomita 1,200.

Karakana ya Meyer ilituma mafundi watatu kuja kuiunganisha meli. Majina yao ni Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika. Majina ya wale watatu yaliandikwa, ndiyo maana tunayajua leo. Majina ya vibarua hayamo katika vitabu vingi vya historia. Lakini ni mikono yao iliyobeba vyuma, ikapiga nyundo na kuvuta kamba.

Mabati mazito ya chuma yaliunganishwa kwa ribiti. Ribiti ni msumari mnene wa chuma. Huchomwa motoni mpaka uwe mwekundu, hupenyezwa katika tundu, kisha hupigwa nyundo upande wa pili mpaka utengeneze kichwa. Ukipoa, hubana mabati mawili yawe kama kitu kimoja. Meli nzima ilishikwa na ribiti kwa namna hiyo.

Tarehe 5 Februari 1915 meli ilishushwa majini. Urefu wake ni mita 70 hivi, na upana wake mita 10. Waliiita Goetzen. Hilo lilikuwa jina la gavana wa Kijerumani aliyetawala nchi hii toka mwaka 1901 mpaka 1906. Ni wakati wa utawala wake ambapo Vita vya Maji Maji vilianza huko kusini.

3. Vita vyafika ziwani

Kazi ya kwanza waliyoikusudia Wajerumani ilikuwa kubeba abiria, mizigo na askari. Lakini kabla meli haijakamilika, Vita Kuu ya Kwanza ilianza huko Ulaya, mwezi wa Agosti mwaka 1914. Wakoloni wakaanza kupigana hata huku kwetu, juu ya ardhi isiyokuwa yao.

Goetzen ikawekewa mizinga. Mzinga mkubwa kuliko yote ulitoka mbali. Wajerumani walikuwa na meli ya vita iliyoitwa Königsberg. Meli hiyo ilijificha katika mikono ya Mto Rufiji, na Waingereza waliiangamiza huko mwezi wa Julai mwaka 1915. Wajerumani waliiokoa mizinga yake, wakaitawanya sehemu mbalimbali za nchi. Mmoja ulikuja Kigoma, ukafungwa juu ya Goetzen. Ziwa zima halikuwa na meli ya kushindana nayo.

Waingereza nao walitafuta njia. Mwezi wa Juni mwaka 1915 walipakia boti mbili ndogo huko London. Boti moja iliitwa Mimi, nyingine Toutou. Majina hayo ni ya utani wa Kifaransa. Ni kama kusema paka na mbwa. Kiongozi wao aliitwa Spicer-Simson.

Boti hizo zilikwenda kwa meli mpaka Cape Town, Afrika Kusini. Kisha zilipanda treni mpaka Kongo. Reli ilipokwisha, zilikokotwa juu ya milima kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe. Watu wengi wa huko walikata njia msituni na kujenga madaraja ili boti zipite. Mwishoni mwa Oktoba zilifika ziwani, upande wa Kongo.

Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Waingereza waliizamisha nyingine iliyoitwa Hedwig von Wissmann. Kesho yake Goetzen ilionekana ikipita, ikimtafuta mwenzake. Waingereza hawakutoka kuipiga. Waliiona ni kubwa mno kwao.

4. Mzinga wa mti

Hata hivyo, mambo ya nchi kavu yalikuwa yanageuka. Askari wa Kibelgiji waliingia toka Kongo kupitia Rwanda na Burundi. Wajerumani walipungukiwa na mizinga ya kupigania. Amri ikatoka kwamba mzinga mkubwa wa Goetzen ushushwe, upelekwe kwa reli Tabora.

Meli ikabaki na mzinga wa bandia, uliochongwa kwa mti, ili adui akiitazama kwa mbali aendelee kuogopa. Ndege za Wabelgiji ziliirushia Kigoma mabomu mwezi wa Juni mwaka 1916. Wajerumani wakaona kwamba mji hautakaa mikononi mwao.

Ndugu msomaji, tukumbuke hapa jambo moja. Vita hivyo havikuwa vya mizinga na meli tu. Maelfu na maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walikamatwa wakafanywa wapagazi. Walibeba risasi na vyakula kichwani, siku baada ya siku. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Ukiwa na mzee nyumbani aliyesikia habari hizi toka kwa babu yake, mwulize. Kisha yaandike maneno yake.

5. Grisi iliyookoa meli

Sasa tumefika katika lile swali kubwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1916 Wajerumani walijiandaa kuondoka Kigoma. Hawakutaka meli iangukie mikononi mwa Wabelgiji. Wangeweza kuilipua vipandevipande. Wale mafundi watatu wa Papenburg walipewa kazi ya kuizamisha. Lakini wao waliifikiria kesho. Walitumaini kwamba siku moja meli itainuliwa na kufanya kazi tena.

Basi kabla ya kuizamisha, walizipaka injini zake grisi nzito, sehemu zote. Kisha waliipakia mchanga ili izame vizuri na kutulia chini. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha taratibu karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mahali ambapo kina si kikubwa sana, kama mita 20. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Julai, Wabelgiji waliingia Kigoma.

Kwa nini walipaka grisi? Wewe unajua jibu. Jembe jipya likiachwa nje wakati wa masika, baada ya wiki chache linakuwa jekundu. Hiyo ni kutu. Kutu hutokea maji na hewa vinapokigusa chuma kitupu. Hukila chuma pole pole mpaka kinakuwa unga. Ndiyo maana mwenye baiskeli hupaka mnyororo wake grisi, na mwenye cherehani huitia mafuta. Grisi hukaa juu ya chuma kama nguo. Maji hayapati nafasi ya kukigusa.

Zingatia pia kwamba maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi, si maji ya chumvi kama ya bahari. Chumvi huharakisha kutu. Kwa hiyo meli ililala mahali pazuri, nayo ikiwa imevishwa nguo nzuri.

6. Kuinuliwa

Wabelgiji walishika Kigoma na sehemu zote za Buha mpaka mwaka 1921. Walijaribu kuiinua meli. Waliipata, wakaikokota mpaka Kigoma, lakini huko ikazama tena.

Baada yao walikuja Waingereza. Nao walijaribu, na tarehe 16 Machi 1924 walifaulu kuiinua. Walipoisafisha na kuzichungua injini, waliona ajabu. Miaka karibu minane ilikuwa imepita, lakini injini na majiko yake ya mvuke bado vilifaa kutumika. Ile grisi ilikuwa imefanya kazi yake.

Matengenezo yalichukua muda mrefu. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilianza kazi tena. Jina la gavana liliondolewa. Wakaipa jina la Liemba. Ni jina la zamani ambalo watu wa kusini walitumia kuliita ziwa hili. Msafiri David Livingstone alilisikia huko, akaliandika katika daftari zake mwaka 1867.

Mizinga haikurudishwa. Toka siku hiyo meli hii ikawa ya abiria na mizigo.

7. Meli ya watu

Kwa miaka mingi Liemba ilifanya safari toka Kigoma mpaka Mpulungu, huko Zambia. Njiani ilisimama katika vijiji vingi. Vijiji vingi kati ya hivyo havikuwa na gati. Gati ni mahali palipojengwa ili meli isogee karibu na nchi kavu. Kwa hiyo meli ilisimama majini na kupiga honi. Mara mitumbwi na boti vingetoka ufukweni vikiwa vimejaa watu, magunia, kuku na watoto. Wa kupanda walipanda, wa kushuka walishuka, hata usiku wa manane.

Ilibeba dagaa wakavu, mchele, mahindi na vitu vya dukani. Ilibeba mgonjwa anayekwenda hospitali, mwanafunzi anayerudi shule, na bibi harusi anayekwenda kwa mumewe. Kwa vijiji vya ufukweni visivyo na barabara, meli hii ilikuwa ndiyo barabara.

Katika miaka ya 1970 ile mitambo ya mvuke iliondolewa, ikawekwa mitambo ya dizeli. Mwaka 1993 meli ilifanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Denmark. Baada ya hapo iliweza kuchukua abiria 600.

8. Siku za wakimbizi

Sasa tunafika katika habari ambazo sisi wa Kasulu na Kibondo tunazijua kwa macho yetu.

Mwaka 1996 na 1997 vita vilichafua Zaire, nchi ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu walivuka ziwa kukimbilia kwetu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa wakati huo. Serikali ya Mobutu ilipoanguka mwaka 1997, wengi walitaka kurudi kwao. Umoja wa Mataifa uliikodi Liemba. Ikavuka na kurudi, ikavuka na kurudi, na kuwarudisha makumi ya maelfu ya watu.

Mwaka 2015 ilikuwa zamu ya Burundi kupata machafuko. Mwezi wa Aprili na Mei watu walikimbilia kijiji cha Kagunga, kilichoko ufukweni karibu na mpaka. Nyuma ya kijiji ni mlima mkali. Mbele ni ziwa. Barabara ya gari haikuwapo. Makumi ya maelfu ya watu walijazana katika ufuko mwembamba, bila vyoo wala maji safi. Kipindupindu kikazuka. Watu wakaanza kufa.

Njia ya kuwaondoa wengi kwa pamoja ilikuwa majini. Liemba ilikwenda. Kwa kuwa hapakuwa na gati Kagunga, wazee, wajawazito na watoto walipelekwa kwa boti ndogo mpaka ubavuni mwa meli, wakapandishwa. Kila safari ilichukua watu mia kadhaa mpaka Kigoma. Toka Kigoma walipakiwa katika mabasi, wakapanda milima mpaka Nyarugusu. Baadaye wengine walipelekwa Nduta, wilayani Kibondo, na Mtendeli, wilayani Kakonko.

Labda uliyaona mabasi hayo yakipita. Labda ulimpa mama mmoja maji, au uliuza maharage yako kambini. Basi fahamu kwamba wengi wa watu wale waliletwa na chombo kilekile kilichobeba mizinga mwaka 1915. Chuma ni kilekile. Kazi ndiyo iliyobadilika.

9. Tunajifunza nini?

Kwanza, chombo hakina moyo. Panga hukata nyasi za shamba, na panga hilohilo laweza kumwumiza jirani. Meli hii iliwekewa mizinga ili kuwatisha watu. Mikono mingine ikaifanya iwalishe na kuwaokoa watu. Anayeamua ni mtu aishikaye.

Pili, kitu kikitunzwa hudumu. Wale mafundi watatu walikuwa katika vita, adui yu karibu kuingia. Hata hivyo walipata muda wa kupaka grisi. Na sisi je? Pampu ya kijiji inaharibika kwa kukosa kipande kidogo cha ngozi. Mashine ya kusaga inakufa kwa kukosa oili. Kila mtu anangoja mwenzake aanze. Kitu cha wote kisipokuwa na mtunzaji, ni cha kutu.

Tatu, hata kitu kilichotunzwa huzeeka. Liemba ilifanya kazi kwa muda unaozidi umri wa mtu. Karibu na mwaka 2020 ilikuwa imesimama ikisubiri matengenezo makubwa. Meli iliposimama, vijiji vya ufukweni vilitambua uzito wa kazi iliyokuwa ikifanya. Matengenezo ni gharama. Lakini kukosa matengenezo ni gharama kubwa zaidi, na wanaolipa ni wale walio mbali na barabara.

Jioni ukirudi nyumbani, litazame jembe lako. Likiwa na udongo, lifute. Likiwa kavu, lipake mafuta kidogo, hata yale ya mawese. Hivyo ndivyo meli ilivyookolewa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini meli ililetwa Kigoma ndani ya masanduku?
2. Ribiti ni nini? Eleza kazi yake kwa maneno yako.
3. Kwa nini Wajerumani waliweka mzinga wa mti juu ya meli?
4. Grisi inazuiaje kutu?
5. Taja kazi tatu ambazo meli hii imewahi kufanya.
6. Katika kijiji chenu, ni chombo gani cha wote kimeharibika kwa kukosa kutunzwa? Nani angeweza kukitunza, na fedha zitoke wapi? Jadilianeni, kisha andikeni uamuzi wenu katika daftari.